Kanisa la Methodisti katika Mji Mdogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

## Mambo ya msingi

Kanisa la Methodisti ni kanisa la namna gani?

Ni kanisa la Kiprotestanti lililotokana na uamsho uliotokea ndani ya Kanisa la Anglikana nchini Uingereza katika karne ya 18, chini ya uongozi wa ndugu wawili, John na Charles Wesley. Linakiri Utatu Mtakatifu na Imani ya Mitume, na linatambua sakramenti mbili, yaani ubatizo na Meza ya Bwana. Anayetoka kwa Waanglikana au Walutheri atakuta mengi aliyoyazoea. Tofauti imo zaidi katika mkazo: Wamethodisti husisitiza kwamba neema ya Mungu imeandaliwa kwa kila mtu bila ubaguzi, na kwamba aliyeipokea hana budi kuendelea kukua katika utakatifu, tena akiwa pamoja na wenzake na si peke yake.

Utume wa kanisa dogo la mahali ni upi?

Ni kuwafanya watu kuwa wanafunzi wa Yesu Kristo na kuwahudumia majirani. Maelezo hayo ni ya jumla mno, kwa hiyo ni afadhali kutazama kanuni ambazo John Wesley aliziandika mwaka 1743 kwa ajili ya vikundi vyake, kanuni ambazo Wamethodisti wengi wangali wanazikubali hadi leo. Ziko tatu: kutomdhuru mtu, kutenda mema, na kuzitumia njia za neema kama vile sala, Maandiko, kufunga na Meza ya Bwana.

Kinachopendeza katika kanuni hizo ni jinsi zinavyoshuka hadi sokoni. Chini ya kanuni ya kwanza, Wesley alikataza ulevi na ugomvi, lakini alikataza pia kununua au kuuza bidhaa zilizokwepa ushuru, kutoza riba isiyo halali, na hata kutumia maneno mengi katika kuuziana vitu. Chini ya ile ya pili aliagiza kuwalisha wenye njaa, kuwavika walio uchi, na kuwatembelea wagonjwa na wafungwa. Katika mji ambao muuza duka, mteja wake na mwalimu wa watoto wao huketi kwenye ibada moja, kanuni za namna hiyo zina uzito ambao katika jiji kubwa pengine zisingekuwa nao, kwa sababu hakuna awezaye kujificha.

Je, maneno "wote mnakaribishwa" yana msingi wowote, au ni mapambo ya kibao cha mlangoni?

Yana misingi miwili. Wa kwanza ni wa kiimani: Wamethodisti hufundisha neema tangulizi, yaani neema ya Mungu inayomfikia mtu kabla mtu huyo hajaamini, hajatubu wala hajajua kuwa anatafutwa. Anayeingia kanisani kwa mara ya kwanza anahesabiwa kuwa mtu ambaye Mungu ameshaanza kazi ndani yake. Jukumu la washirika ni kuisindikiza kazi hiyo, na hawana mamlaka ya kuamua nani anastahili.

Msingi wa pili ni wa kihistoria. Aliyetaka kujiunga na kikundi cha Wesley aliwekewa sharti moja tu, nalo ni kutamani kuikimbia ghadhabu ijayo na kuokolewa kutoka dhambini. Hakuulizwa dhehebu lake wala mapato yake. Hata hivyo, haifai kuisimulia habari hii nusu. Kuingia kulikuwa rahisi, ila kubaki kulidai matunda: kila robo ya mwaka mshirika alipewa tiketi mpya, na aliyeishi kinyume cha kanuni bila kujirekebisha hakupewa. Kanisa linalokaribisha kila mtu na kisha lisimfuatilie yeyote limeushika upande mmoja wa urithi huu na kuuacha mwingine.

## Historia

Methodisti ilianza lini na wapi?

John Wesley alizaliwa mwaka 1703 katika mji mdogo wa Epworth, ambako baba yake, Samuel, alikuwa kasisi wa Kianglikana. Charles alizaliwa mwaka 1707. Walipokuwa Oxford, wao na wenzao wachache walikuwa na kikundi cha kusoma Maandiko, kufunga na kuwatembelea wafungwa, na utaratibu wao mkali ndio uliowafanya wanafunzi wengine wawatanie kwa jina la Wamethodisti. Mwaka 1735 ndugu hao wawili walisafiri kwenda Georgia, wakati huo koloni la Kiingereza, na kazi yao huko haikufanikiwa. Kisha jioni ya tarehe 24 Mei 1738, akiwa katika mkutano mdogo kwenye mtaa wa Aldersgate jijini London, John alihisi moyo wake ukipata joto la ajabu, akawa na hakika kwamba Kristo ameziondoa dhambi zake yeye mwenyewe.

Mwezi Aprili 1739, kwa kushawishiwa na mhubiri mwenzake, George Whitefield, alianza kuhubiri nje, katika maeneo ya Bristol, ambako wachimbaji wa makaa ya mawe na maskini wengine hawakuwa na mazoea ya kwenda kanisani. Kwa kasisi aliyelelewa katika taratibu za Kianglikana, jambo hilo lilikuwa karibu na aibu, naye mwenyewe alikiri hivyo.

Watu wa miji midogo watavutiwa zaidi na yaliyotokea Epworth. Mwezi Juni 1742 Wesley alirudi katika mji aliozaliwa, akajitolea kumsaidia kasisi msaidizi wa hapo katika ibada, akakataliwa. Jioni hiyo alitoka nje, akasimama juu ya kaburi la baba yake lililokuwa ubavuni mwa kanisa, akahubiri kwa umati uliojaa makaburini, na akaendelea kufanya hivyo jioni baada ya jioni kwa muda wa wiki moja hivi. Wesley hakukusudia kuanzisha dhehebu, na alikufa tarehe 2 Machi 1791 akiwa bado kasisi wa Kianglikana.

Vikundi vinavyoitwa madarasa vilitokana na nini?

Vilitokana na deni. Mwezi Februari 1742 washirika wa Bristol walikutana kujadili namna ya kulipa gharama za nyumba yao ya mikutano, na mmoja wao akapendekeza kila mshirika atoe peni moja kwa wiki. Mwingine akapinga kwamba wengi ni maskini na hawataweza. Ndipo nahodha mmoja, Foy, aliposema wampe yeye watu 11 walio maskini kuliko wote: atawapitia kila wiki, atapokea walicho nacho, na asiye na kitu atamlipia yeye. Wengine wakakubali kufanya vivyo hivyo.

Viongozi hao walipoanza kupita nyumba kwa nyumba, walikuta mambo ambayo hayakuonekana ibadani: huyu anagombana na mkewe, yule amerudia ulevi, mwingine anaumwa na hakuna ajuaye. Wesley alitambua mara moja kwamba mpango wa kukusanya peni umezaa uchungaji. Tangu hapo washirika waligawanywa katika madarasa ya watu wapatao 12, kila moja na kiongozi wake, mwanamume au mwanamke, ambaye kwa kawaida hakuwa mchungaji. Kwangu mimi, hiki ndicho kisa muhimu kuliko vyote katika historia ya Methodisti, na kinafaa kusimuliwa katika kila kikao cha fedha.

Kwa nini Wamethodisti walienea sana katika miji midogo ya Marekani?

Kwa sababu hawakungoja mji uwe na uwezo wa kumlipa mchungaji. Francis Asbury, aliyetumwa kutoka Uingereza mwaka 1771, aliwasambaza wahubiri waliozunguka kwa farasi katika sakiti, yaani mzunguko wa vituo vingi ambavyo mhubiri alivipitia kwa zamu, akihubiri nyumbani, ghalani au mahakamani. Mara tu watu wachache walipoamini, darasa liliundwa likaongozwa na mwenyeji hadi mhubiri atakaporudi, pengine baada ya wiki kadhaa. Mkutano uliofanyika Baltimore wakati wa Krismasi ya mwaka 1784 uliunda kanisa linalojitegemea. Asbury alipofariki mwaka 1816, washirika walikuwa zaidi ya 200,000, ilhali mwaka wa mkutano ule walikuwa takriban 15,000.

Je, Wamethodisti wamekuwa wakiwakaribisha watu wote siku zote?

Hapana, na kanisa linalojiita la ukarimu halina budi kulieleza jambo hili waziwazi.

Mwishoni mwa karne ya 18, katika kanisa la St. George's mjini Philadelphia, waumini Weusi walivutwa wainuke walipokuwa wamepiga magoti katika sala, kwa kuwa walikuwa wamepiga magoti mahali walipokatazwa. Wakatoka. Richard Allen, aliyezaliwa utumwani na kujikomboa kwa fedha, alikuwa miongoni mwao, na mwaka 1816 akawa askofu wa kwanza wa Kanisa la Kimethodisti la Kiaskofu la Kiafrika, lililopo hadi leo.

Wesley alikuwa ameupinga utumwa hadharani tangu mwaka 1774, na barua yake ya mwisho inayojulikana, ya Februari 1791, ilimtia moyo mbunge wa Uingereza William Wilberforce aendelee na vita dhidi ya biashara ya watumwa. Hata hivyo, mwaka 1844 Wamethodisti wa Marekani waligawanyika, kaskazini na kusini, kwa sababu ya askofu aliyemiliki watumwa. Waliungana tena mwaka 1939 kwa gharama ya aibu: makanisa ya Weusi yaliwekwa katika jimbo la peke yake, lililotenganishwa na mengine kwa misingi ya rangi pekee. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1968, lilipoundwa Kanisa la Muungano la Methodisti.

Methodisti ilifikaje Afrika Mashariki?

Mwaka 1862 wamisionari wa Kimethodisti kutoka Uingereza, Thomas Wakefield akiwa miongoni mwao, walifika Mombasa wakiongozwa na mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, wakaanzisha kituo cha Ribe. Kutoka pwani kazi ilienea kufuata Mto Tana na baadaye hadi Meru. Kanisa la Methodisti nchini Kenya lilianza kujitawala mwaka 1967.

## Ibada na sakramenti

Nikija kwa mara ya kwanza nitarajie nini?

Tarajia nyimbo, sala, masomo ya Biblia, mahubiri na sadaka, kwa mpangilio ambao utaandikwa kwenye karatasi au kutangazwa na kiongozi wa ibada. Hakuna vazi maalumu. Katika kanisa dogo haiwezekani mgeni asionekane. Utasalimiwa, na huenda ukaombwa ujitambulishe. Kama hupendi kusimama mbele za watu, mwambie anayekupokea mlangoni, naye atakuelewa. Mgeni hadaiwi sadaka.

Mbona mnaimba sana?

Kwa sababu imani hii ilifundishwa kwa nyimbo kabla ya vitabu. Charles Wesley alitunga zaidi ya tenzi 6,000, na mchimba makaa asiyejua kusoma aliweza kubeba kichwani mafundisho mazima ya neema.

Je, naweza kushiriki Meza ya Bwana ikiwa mimi si Mmethodisti?

Katika makanisa mengi ya Kimethodisti, ndiyo: mwaliko ni kwa wote wampendao Kristo, wanaotubu kwa dhati na kutaka kuishi kwa amani na wenzao. Zipo nchi ambako kanisa huwataka washiriki wawe wamebatizwa au wamepata kipaimara, kwa hiyo sikiliza maneno ya mwaliko yanayotolewa kabla ya kuumegwa mkate. Mara nyingi hutumika juisi ya zabibu isiyochachuka, desturi iliyoenea baada ya Thomas Welch, daktari wa meno aliyekuwa Mmethodisti, kufanikiwa mwaka 1869 kuizuia juisi hiyo isichachuke.

Katika hili Wesley mwenyewe aliwahi kuonja kukataliwa. Mwezi Januari 1743, pale pale Epworth, kasisi yule yule alituma ujumbe kwamba hatampa sakramenti kwa kuwa hafai. Wesley aliona jambo hilo lina hekima ya ajabu, kwamba anyimwe meza hasa katika mji ambako baba yake na yeye mwenyewe waliwahi kuihudumu.

Je, mnabatiza watoto wachanga? Na aliyebatizwa kwingine hubatizwa tena?

Watoto wachanga hubatizwa, na watu wazima pia, kwa kunyunyiziwa, kumiminiwa au kuzamishwa. Ubatizo haurudiwi, kwa kuwa unahesabiwa kuwa tendo la Mungu. Aliyebatizwa katika kanisa lingine la Kikristo hupokelewa kwa kukiri imani au kwa barua ya uhamisho, na aliyebatizwa utotoni huithibitisha imani yake baada ya mafundisho ya kipaimara.

## Uongozi na fedha

Kwa nini mchungaji huhamishwa ilhali tunampenda?

Kwa sababu Wamethodisti wameurithi utaratibu wa wahubiri wa kuzunguka (tazama jibu kuhusu miji midogo ya Marekani). Mchungaji hupangiwa kituo na askofu au na mkutano wa kanisa, si kuajiriwa na washirika wa mahali. Faida yake ni kwamba kanisa la watu wachache hupata mchungaji kama lile la watu wengi, na mchungaji huweza kusema ukweli bila kuogopa tajiri mmoja wa mji. Hasara ni kwamba uhusiano hukatwa pale ulipoanza kukomaa, na kwa familia ya mchungaji, watoto wakiwemo, uhamisho ni mzigo halisi ambao washirika huusahau kwa urahisi.

Nani huhubiri mchungaji akiwa kwenye kanisa jingine?

Wahubiri walei, yaani washirika waliofunzwa, kutahiniwa na kuidhinishwa. Makanisa madogo kadhaa yanapohudumiwa na mchungaji mmoja, ratiba ya sakiti huonyesha nani atahubiri wapi kila Jumapili. Makanisa mengi madogo husikia sauti ya mwalimu au mkulima mara nyingi kuliko ya mchungaji, na hilo si upungufu. Ndivyo Methodisti ilivyokua.

Je, wanawake huhudumu kama wachungaji?

Ndiyo, katika makanisa mengi ya Kimethodisti. Sarah Crosby alianza kuhubiri mwaka 1761 kwa ridhaa ya Wesley, lakini baada ya kifo cha Wesley milango ilifungwa kwa muda mrefu. Wamethodisti wa Marekani waliwapa wanawake haki kamili za uchungaji mwaka 1956, na wale wa Uingereza walianza kuwabariki kuwa wachungaji mwaka 1974.

Je, ni lazima nitoe fungu la kumi?

Fungu la kumi hufundishwa kama lengo jema, lakini kwa kawaida si sharti la ushirika. Asiye na uwezo asijitenge kwa haya. Tazama habari za Nahodha Foy hapo juu.

## Maswali yasiyo ya kawaida

Kanisa la watu 30 linaweza kuwa na utume wowote wa maana?

Linaweza, mradi lisijipime kwa kanisa la watu 3,000. Watu 30 ni zaidi ya madarasa mawili ya Wesley. Lenye idadi hiyo haliwezi kuendesha kwaya tatu na idara kumi, na likijaribu litawachosha watu wale wale wanne wanaokubali kila kazi. Linaweza kuchagua huduma moja ambayo mji unaihitaji, kwa mfano kuwatembelea wazee wanaoishi peke yao au kuufungua ukumbi kwa wanafunzi jioni, na kuifanya bila kukosa.

Hatari ya kanisa dogo ni kwamba ukarimu wake huweza kuwa wa juu juu. Washirika wanapendana kweli, wanafahamiana kwa vizazi vitatu, na mgeni husalimiwa kwa furaha, kisha huachwa asimame peke yake kwa sababu kila mmoja ana mtu wa kuzungumza naye. Dawa ninayoiona inafaa ni ya kale: mgeni aliyerudi mara ya pili apewe kikundi na mtu anayejulikana kwa jina atakayempigia simu katikati ya wiki.

Nimesikia Wamethodisti wamegawanyika. Kanisa la karibu nami liko upande gani?

Kuanzia mwaka 2019 hadi mwisho wa mwaka 2023, takriban robo ya makanisa ya Kanisa la Muungano la Methodisti nchini Marekani yaliondoka, kwa sehemu kubwa kutokana na mabishano kuhusu ndoa za watu wa jinsia moja na uchungaji wa walio katika mahusiano ya namna hiyo. Mengi yalijiunga na Kanisa la Methodisti la Ulimwengu, lililoanzishwa tarehe 1 Mei 2022, na mengine yakajitegemea. Mwaka 2024 Mkutano Mkuu wa Kanisa la Muungano la Methodisti, uliofanyika Charlotte, uliondoa makatazo yaliyokuwepo kuhusu mambo hayo. Makanisa ya Kimethodisti ya nchi nyingine, Kenya ikiwemo, yana mikutano na maamuzi yake yenyewe. Jina "Methodisti" pekee halikuambii msimamo wa kanisa. Muulize mchungaji moja kwa moja, na jibu la kukwepakwepa lichukulie kuwa taarifa.

Mzazi wangu hawezi tena kufika ibadani. Bado ni mshirika?

Bado ni mshirika kamili. Mchungaji anaweza kumpelekea Meza ya Bwana nyumbani, na kiongozi wa darasa ana wajibu wa kumtembelea. Katika mji mdogo huwa tunadhani kila mtu ameshajua nani anaumwa, kumbe kila mmoja alidhani mwenzake ameshakwenda, kwa hiyo familia iwaarifu viongozi rasmi.

Jengo la kanisa ni mali ya nani, na kanisa likifungwa inakuwaje?

Tangu Wesley alipotoa mfano wa hati ya wadhamini mwaka 1763, majengo mengi ya Kimethodisti hushikiliwa na wadhamini kwa niaba ya dhehebu zima. Maana yake ni kwamba washirika wa mahali hulitumia na kulitunza, lakini hawawezi kuliuza au kulihamishia kwingine kwa kura yao peke yao, hata kama babu zao ndio waliolijenga kwa mikono. Jambo hili limewaumiza wengi wakati wa migawanyiko, na ni vizuri mshirika mpya alijue mapema.

Uamuzi wa kulifunga kanisa hupitishwa na ngazi za juu, kwa kawaida baada ya mashauriano na washirika waliobaki, na mapato ya mali yakiuzwa hutumika kulingana na katiba ya dhehebu husika. Washirika huhamishiwa kanisa jirani la sakiti. Anayetafuta cheti cha ubatizo au cha ndoa kutoka kanisa lililofungwa aanzie kwa mchungaji wa sakiti, kisha aulizie ofisi ya sinodi au ya mkutano wa mwaka, akiwa na jina kamili la aliyebatizwa au la wanandoa, jina la kanisa, na mwaka hata kama ni wa kukadiria.